Tetere wa Nairobi: Hesabu Silabi Kabla ya Kuangalia Kola

Swali kuhusu njiwa wa mtaani karibu kila mara huanzia shingoni: "Huyu mwenye mstari mweusi ni nani?" Mstari huo ndio unaowapoteza watu. Tetere macho-mekundu na tetere shingo-pete wote wana kola nyeusi nyuma ya shingo, na wote wapo Nairobi. Anayewatambua kwa kola peke yake anabahatisha. Ushauri wangu ni kutanguliza sikio.

Tetere macho-mekundu, Streptopelia semitorquata kwa jina la kisayansi, huita kwa silabi sita: mbili za polepole, kisha nne zinazofuatana haraka. Kuu-kuu, ku-ku-ku-ku. Hutua kidogo, halafu huanza upya. Sauti yake ni nzito, na aghalabu hutoka juu kwenye mti mkubwa, kama ile ya Karura, City Park na Arboretum. Tetere shingo-pete, Streptopelia capicola, ana silabi tatu tu, na mkazo huangukia ya pili: ku-KUUU-ru, ku-KUUU-ru. Huirudia hiyo hiyo dakika baada ya dakika. Huyu hupenda mahali pakavu palipo wazi zaidi, kwa hiyo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kuelekea nyanda za Athi utamsikia sana. Akitua mtini hutoa mkoromo mfupi; huo usiuhesabu, subiri wimbo wenyewe.

Sasa macho. Usihangaike na rangi ya jicho ukiwa mbali, maana kivulini macho yote huonekana meusi. Subiri aruke, utazame mkia. Wa shingo-pete hufunua weupe dhahiri kwenye ncha na pembe za mkia. Wa macho-mekundu hana weupe huo: mkia wake una utepe mweusi katikati na ncha pana ya kijivujivu. Naiamini alama hii kuliko nyingine zote za mwilini, kwa sababu haitegemei mwanga mzuri wala darubini ya bei ghali. Wakiwa chini pamoja wakiokota mbegu, wa macho-mekundu ndiye mkubwa, mwenye kifua cha waridi iliyokolea na paji la uso jeupejeupe.

Kuna wengine wawili wasio na kola kisogoni. Tetere mdogo anayezoea nyumba za watu, Spilopelia senegalensis, ana madoadoa meusi kwenye koo la rangi ya kutu, na wimbo wake ni laini, kama mtu anayecheka kwa kujizuia. Tetere wa nyanda za juu, Streptopelia lugens, ni wa kijivu kilichoiva, mwenye baka jeusi kila upande wa shingo na sauti nzito ya kukwaruza. Mtafute ukipanda kuelekea Limuru.

Nakusihi jambo moja: usimchezee ndege sauti iliyorekodiwa ili asogee umpige picha, hasa wakati wa kutaga. Hudhani mpinzani ameingia eneo lake, akaacha kiota kwenda kumfukuza. Rekodi za xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege, ni za bure. Zisikilize ukiwa nyumbani, kisha utoke alfajiri.

Unachokitambua kina kazi. Mradi wa Kenya Bird Map hukusanya orodha za wananchi kutoka vipande vya ardhi vyenye upana wa takriban kilomita 9, na orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama. Tetere wakichanganywa, ramani nzima ya spishi hizi hupotoka. Ndege uliyemsikia bila kumwona anaandikwa pia, mradi una hakika na sauti yake. Kama umesikia silabi tatu nusunusu katikati ya kelele za matatu, mwache nje ya orodha.