Washington na Columbia: majina mawili, barua moja

Anwani ya mji mkuu wa Marekani ina majina mawili: Washington, kisha herufi DC, kifupisho cha District of Columbia, yaani Wilaya ya Columbia. Siku hizi yote mawili yanataja eneo lile lile. Mwanzoni haikuwa hivyo.

Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, iliruhusu makao ya serikali kuu yawekwe katika wilaya isiyozidi maili 10 (kilomita 16) kila upande. Haikuipa jina. Sheria ya tarehe 16 Julai 1790 ilichagua ukingo wa mto Potomac, nayo ikakaa kimya kuhusu jina. Kazi hiyo ikawaangukia makamishna watatu walioteuliwa na Rais George Washington: Thomas Johnson, Daniel Carroll na David Stuart. Tarehe 9 Septemba 1791 walimwandikia Pierre L'Enfant, aliyekuwa akichora ramani ya mji, kwamba wilaya itaitwa Territory of Columbia na mji utaitwa City of Washington. Bunge halikupigia kura majina hayo. Washington alikuwa bado madarakani, na katika barua zake aliendelea kuuita "mji wa shirikisho" tu. Alifariki Desemba 1799, serikali ikiwa bado Philadelphia.

Columbia limetokana na jina la Christopher Columbus. Kufikia wakati huo lilikuwa jina la kishairi la Amerika nzima, nchi ikichorwa kama mwanamke. Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa utumwani Boston, alilitumia mwaka 1775 katika shairi alilompelekea Washington mwenyewe. Baada ya uhuru, majina ya kifalme yalipoanza kufutwa, King's College ya New York ikafunguliwa upya mwaka 1784 kwa jina la Columbia. Kwa hiyo makamishna hawakubuni kitu. Walichukua jina lililokuwa midomoni mwa watu.

Wilaya ilipimwa kama mraba uliosimama kwenye pembe yake, ukakata ardhi ya Maryland na ya Virginia, na mpakani yakasimikwa mawe 40, moja karibu kila maili. Mji wa Washington ulichukua sehemu tu ya mraba huo. Humo humo mlikuwa na Georgetown, Alexandria na mashamba, hivyo mtu aliweza kuishi Columbia na asiwe mkazi wa Washington. Mwaka 1846 upande wa Virginia, karibu theluthi ya eneo lote, ulirudishwa kwa jimbo hilo. Mwaka 1871 Bunge likafuta serikali za miji ya Washington na Georgetown na kuweka serikali moja ya wilaya nzima. Ndiyo maana meya wa leo, kisheria, ni meya wa Wilaya ya Columbia.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ulizaliwa mwaka 1853. Walowezi wa kaskazini-magharibi, pwani ya Pasifiki, waliomba eneo lao liitwe Columbia. Bunge likahofu litachanganywa na Wilaya ya Columbia, likawapa jina la Washington. Waliruka majivu wakakanyaga moto. Ukiandika "Washington" peke yake, msomaji anaweza kudhani unazungumzia jimbo hilo, ambalo mji wake mkuu ni Olympia.

Barua ile ile ya 1791 ndiyo iliyoagiza barabara za upande mmoja zipewe herufi na za upande mwingine namba. Hesabu huanzia jengo la Bunge, na mji umegawanyika hapo katika robo nne: NW (kaskazini-magharibi), NE (kaskazini-mashariki), SW (kusini-magharibi) na SE (kusini-mashariki). Namba na herufi hujirudia katika kila robo, hivyo makutano ya barabara ya 4 na D yapo zaidi ya mara moja. Ikulu iko 1600 Pennsylvania Avenue NW. Ukiweka SE badala ya NW utajikuta ng'ambo ya pili ya jengo la Bunge, kwenye barabara yenye jina hilo hilo. Usitafute J Street: herufi hiyo ilirukwa, na maelezo ya kawaida ni kwamba I na J zilifanana mno katika maandishi ya zama hizo. B Street za katikati ya mji nazo zilibadilishwa jina, ya kaskazini ikawa Constitution Avenue na ya kusini Independence Avenue.