Ugomvi huanzia hadharani, hukomaa inboksi

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliondoka kimya kimya kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaoishi na kisukari, kundi ambalo mimi nilikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Hakuaga wala hakuwahi kugombana na mtu. Nikamwandikia pembeni kumuuliza kama tulimkosea. Alinijibu kwa picha tatu za skrini bila neno lolote.

Kwenye picha hizo kulikuwa na mwanachama tuliyemhesabu kuwa mwungwana kuliko wote. Huyo ndiye aliyekuwa akitangulia kukaribisha wageni, na sikuwahi kumwona akimjibu mtu vibaya. Kumbe kwa wiki mbili alikuwa akimshawishi mama yule aache insulini anunue dawa yake ya chupa. Alipokataa, lugha ikageuka. "Shauri yako, ngoja ugonjwa ukumalize," ndiyo ilikuwa meseji ya mwisho. Kwa mwenye kisukari cha aina ya 1, kuacha insulini kunaweza kuua ndani ya siku chache. Na mtu yule, ndani ya kundi letu, hakuwa amevunja hata kanuni moja.

Hadi siku ile nilikuwa nikipima kazi yangu kwa matusi niliyofuta. Nilikuwa nalinda ukumbi, yaani yanayoandikwa mbele ya wote, na chumbani, kwenye meseji za pembeni, sikuwa na habari. Tangu hapo, kila ninapofundisha wasimamizi wapya, tunaanza na meseji za pembeni. Lakini leo nitaanzia ukumbini, kwa sababu mengi ya chumbani huzaliwa huko.

Maandishi hayana uso. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza kwa nini mtu hulegeza ulimi akiwa mtandaoni: haonekani, hamwoni anayemwambia, na jibu halirudi papo hapo, kwa hiyo hashuhudii uso wa mwenzake ukibadilika. Mwaka uliofuata Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao wakachapisha jaribio ninalolisimulia kila darasa. Waliwapa watu sentensi za dhati na za kejeli wazitume kwa barua pepe, kisha wakawauliza: aliyepokea atatambua ipi ni ipi kwa kiasi gani? Waandishi walitarajia asilimia 78. Wapokeaji walipatia asilimia 56, yaani zaidi kidogo ya kubahatisha. Waliosikia sentensi hizo kwa sauti walipatia karibu asilimia 73. Mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, akadhani imesafiri pamoja na maneno. Haikusafiri. Ndiyo maana nusu ya malalamiko yanayonifikia huanza na "sikumaanisha hivyo", na mara nyingi ni kweli.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka 2018 na watu waliochambua majadiliano ya wahariri wa Wikipedia, wakitafuta dalili za mapema za mazungumzo yatakayoharibika. Waligundua kwamba hata ujumbe wa kwanza, kabla ya tusi lolote, huwa na dalili. Yaliyoanza kwa shukrani au kwa kauli za tahadhari kama "nadhani" yalielekea kubaki salama. Yaliyoanza kwa maswali ya moja kwa moja na kwa sentensi zilizotanguliza "wewe" yalielekea kuharibika.

Walichunguza Kiingereza, ambamo kiwakilishi hicho hakikwepeki. Sisi tunaweza kukikwepa, na hapo ndipo hatuna kisingizio. Katika Kiswahili kiambishi kinatosha: "umeandika", "hujasoma". Anayeongeza "wewe" mbele yake ameinyoosha kauli ile kama kidole hadi kifuani kwa mwenzake. Linganisha "hujaelewa swali" na "wewe hujaelewa swali", kisha linganisha zote mbili na "swali halijaeleweka". Habari ni ileile, lakini ya kwanza inakera kidogo, ya pili inaita ugomvi, na ya tatu inaruhusu mtu arudi kusoma tena bila kuaibika.

Ipo pia "huyu". Kumtaja mtu kwa "huyu naye" akiwa palepale anasoma ni kumtoa kwenye mazungumzo na kumfanya mada. Sijawahi kuona mjadala uliopona haraka baada ya mtu kuitwa "huyu".

Halafu kuna vijembe, na hapa naomba wasimamizi wenzangu tusimame kidogo. Kanuni nyingi zimeandikwa kukamata matusi, nasi ni watu wa mafumbo. "Asante kwa elimu, mheshimiwa." "Haya, wasomi mmeongea." Shikamoo anayopewa kijana wa rika lako baada ya kutoa hoja. Emoji ya kicheko peke yake chini ya maelezo marefu ya mtu aliyehangaika kuyaandika. Programu yoyote ya kuchuja maneno itavipitisha vyote kama adabu. Lakini aliyelengwa anajua amepigwa, waliomzunguka wanajua, na msimamizi akinyamaza wanajua pia kwamba hapa panaruhusiwa kupiga mradi utumie glavu. Kwa hiyo siku hizi sisomi neno peke yake. Nasoma limemfikia nani, baada ya nini, na kama mwenzake alibakiwa na nafasi ya kujibu hoja.

Ukishaona, unafanya nini? Nilikuwa na tabia ya kukemea palepale. Siku moja nilimwandikia kijana mmoja mbele ya watu wote: "Soma kanuni kabla ya kuandika." Nilikuwa sahihi kuhusu kanuni. Akajibu kwa hasira, wakajitokeza wa kumtetea na wa kunitetea, na waliokuwa hawana habari na mada wakaja kutazama. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kufikia usiku swali la awali lilikuwa limezikwa na kijana ameondoka. Nilimwomba radhi, hakujibu, na sikumlaumu.

Ushauri wa kuepuka hilo ni wa zamani. Oktoba 1995 ulitolewa waraka wa adabu za mtandao, RFC 1855, ulioandikwa na Sally Hambridge. Unasema watu wawili wakihitilafiana, waandikiane wenyewe badala ya kuendelea kulijaza kundi. Unasema pia jibu la hasira lisubiri hadi kesho yake. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado sijapata dawa bora kuliko kulala kwanza.

Kwa hiyo sasa marekebisho ya mtu yanaanzia pembeni. Lakini meseji ya msimamizi inatisha. Hakuna anayefurahi kuiona inboksi. Yangu huwa hivi:

"Habari za jioni, ndugu. Mimi ni mmoja wa wasimamizi. Nimeondoa maoni yako ya leo kwenye mjadala wa vipimo kwa sababu sentensi ya pili inamsema mwenzako badala ya kujibu alichoandika, jambo linalogusa kanuni ya tatu. Hoja yako kuhusu vipimo inahitajika. Ukiiandika tena bila sentensi hiyo itabaki. Ukiona nimekosea, niambie, au mwandikie msimamizi mwenzangu."

Kila kipande kina kazi. Najitambulisha, kwa sababu meseji ya mtu asiyejulikana husomwa kama uchokozi. Naonyesha sentensi hasa. "Lugha yako haifai" humwacha mtu akikisia. Naigusa hoja yake ajue niliisoma. Na namwachia mlango wa kukata rufaa usiopita kwangu, ambao wasimamizi wengi huusahau, nami nauona muhimu kuliko vyote. Sitishii kumtoa. Tishio likiwa kwenye meseji ya kwanza, ya pili itakuwa ya kubishana tu. Kutoa sababu kunalipa: mwaka 2019 Shagun Jhaver na wenzake walichambua machapisho yaliyofutwa Reddit, mtandao wa mijadala, wakaona walioelezwa kwa nini walifutiwa walielekea kufutiwa machache zaidi baadaye.

Lakini hapa wasimamizi wapole hupotea. Wakishajifunza kurekebisha pembeni, wanapeleka kila kitu pembeni, na ukumbi unabaki kama hauna mwenyewe. Aliyetukanwa mbele ya watu mia tatu hawezi kufutwa machozi na jambo lililofanyika chumbani asilolijua. Anahitaji kuona, pamoja na wale mia tatu, kwamba limeonekana. Mstari mmoja unatosha: "Maoni mawili yameondolewa, kanuni ya tatu. Tuendelee na mada." Jina la mtu linabaki pembeni, kanuni inatajwa wazi.

Na kanuni zenyewe zikae mahali zinaposomeka. J. Nathan Matias alifanya jaribio kwenye mijadala ya sayansi 2,190 huko Reddit, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Baadhi ya mijadala iliwekewa tangazo la kanuni juu kabisa, mingine haikuwekewa. Palipokuwa na tangazo, wageni walizingatia kanuni kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia kuliko kwingine, na ushiriki wao ukaongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimeona vibaya, kwa sababu niliamini kanuni hufukuza watu. Nadhani sasa naelewa: mgeni mwoga, hasa aliyewahi kuumizwa kwingine, akiona kanuni anajua kuna mtu macho.

Turudi chumbani.

Nikisema kundi linahusika na meseji za pembeni, napata pingamizi moja kila mara: hayo ni ya watu wawili, yanawahusu nini? Jibu langu ni kwamba tuangalie walikutania wapi. Kama namba yangu ya simu uliipata kwa sababu mimi na wewe tupo kwenye kundi moja, basi kundi ndilo lililokufungulia mlango wangu. Kwenye makundi ya kawaida ya WhatsApp kila mwanachama huiona namba ya mwenzake, na mgeni anapojitambulisha, "nimegundulika mwezi uliopita, naogopa", ametangaza udhaifu wake mbele ya kila mwenye nia yoyote. Mwuzaji wa miujiza hana haja ya kuandika ukumbini. Anakaa anasoma salamu za wageni.

Kwa hiyo kanuni yetu ni fupi: usimwandikie mwenzako pembeni kabla hujamwomba ruhusa ukumbini akakubali, na akisema basi, ni basi. Anayeivunja tunamshughulikia kama aliyeivunja hadharani.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Msimamizi hana namna ya kusoma meseji za watu, na hapaswi kuwa nayo. Kinachotufikia ni picha za skrini, ambazo hukatwa, hupangwa upya, na hata kutengenezwa. Sikatai picha, ila naomba mazungumzo tangu salamu ya kwanza. Kisha nawauliza kimya kimya wageni wengine, bila kutaja jina la mtu: je, kuna aliyekuandikia pembeni jambo lililokukosesha raha? Anayewinda inboksi mara chache huwa na windo moja. Katika kisa cha yule mama, wanne wengine walijitokeza, na maneno waliyoandikiwa yalifanana hadi kwenye makosa ya tahajia. Nawaeleza pia kwamba wanaweza kumripoti mtu kwa kampuni yenyewe. Kwa WhatsApp wajue kwamba ripoti hupeleka hadi meseji tano za mwisho walizotumiwa na mtu huyo, kwa hiyo wahifadhi mengine kabla ya kufuta.

Nisichokubali ni picha za meseji za pembeni kumwagwa ukumbini, hata zikiwa za kweli. Waraka ule wa 1995 ulitaka ruhusa iombwe kabla ya ujumbe binafsi kuchapishwa tena kwenye kundi, nami nauunga mkono kwa sababu ya nilichokishuhudia. Ukiruhusu mmoja amwanike mwenzake, kesho wote wanaogopa kuandikiana hata pole. Waliodhulumiwa wanapata shida kulielewa hili, na nawapa haki ya kukasirika. Walete kwetu. Nasi tukichelewa kujibu, lawama ni yetu.

Sisi wasimamizi nasi tuna chumba chetu, na ni hatari kuliko vyote. Nimekaa kwenye vyumba vya wasimamizi ambamo wanachama walipewa majina ya utani na maswali yao yakachekwa. Ukishamcheka mtu jioni, asubuhi huwezi kumhukumu kwa haki. Ninapofanya kazi sasa, kumtoa mtu kunahitaji wasimamizi wawili, na aliyegombana naye haamui wala hamwandikii meseji. Na kwa kuwa msimamizi mwenyewe anaweza kuwa ndiye anayesumbua watu inboksi (yupo niliyewahi kufanya naye kazi), majina yetu yote yameandikwa wazi ili mtu awe na pa kukimbilia.

Yule mwungwana tulimtoa siku ileile. Kisha tukaandika upya meseji ya makaribisho, ile ambayo kila mgeni huipata pembeni dakika anapoingia, na nikampelekea mama yule aisome kabla haijatumika. Mwishoni niliweka: "Mtu akikuandikia dawa au maneno ya kukutisha, ripoti kwa wasimamizi."

Alikaa siku mbili, kisha akajibu. Alisema neno "ripoti" lingemrudisha nyuma, angejiona kama anakwenda kumshtaki mtu huku hana uhakika. Akashauri tuandike "tuambie, hata kama huna uhakika."

Tukabadilisha. Wiki ya kwanza tuliambiwa mara sita.