Baladi ya roki ya Kikorea: maana yake na mipaka yake

Wapenzi wa tamthilia za Korea wanazijua vizuri nyimbo zinazopigwa pale wahusika wawili wanapoachana chini ya mvua. Ni nyimbo za polepole, za sauti ya juu, zenye majonzi mengi, na kwa kuwa zote zinatoka Korea zimepewa jina moja, "baladi za K-pop". Jina hilo limeachwa lizurure hadi limefika kwa watu wasiohusika nalo kabisa. Mwimbaji Lee Seung-chul anaitwa nyota wa K-pop, mwimbaji Im Jae-bum anaitwa hivyohivyo, na mara kwa mara husomwa maelezo kwamba Lee alianza na roki, akaiacha, akahamia kwenye baladi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonisukuma kuandika, kwa sababu inaigawa kazi ya mtu huyo mahali ambapo haikugawanyika.

Kwa ufupi, baladi katika muziki wa Korea ni wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu, unaotegemea sauti ya mwimbaji mmoja, na ambao kwa kawaida husindikizwa na piano na ala za nyuzi. Baladi ya roki ina mwendo huohuo na maneno ya aina hiyohiyo, lakini inazaliwa ndani ya bendi: gitaa la umeme, besi na dramu ndivyo vinavyoubeba wimbo, na sauti ya mwimbaji hupanda pamoja navyo. K-pop, kwa maana inayotumika leo, ni mfumo wa kampuni zinazowafundisha vijana kuimba na kucheza kwa miaka kadhaa kabla ya kuwatoa wakiwa kundi. Mfumo huo ulishika mizizi katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya muziki ya SM ilipoanzishwa na kundi lake la H.O.T. likatoka mwaka 1996. Kufikia wakati huo Lee Seung-chul alikuwa na miaka kumi katika kazi.

Lenyewe neno baladi limesafiri sana. Kusini mwa Ufaransa, katika zama za kati, lilikuwa jina la wimbo wa kuchezea ngoma. Uingereza likawa jina la utenzi wa kusimulia kisa. Na lilipofika Korea, ambako hutamkwa "balladeu", lilikuwa limebaki na maana ya wimbo wa polepole wa mapenzi, ambao hauchezwi wala hausimulii kisa chochote kirefu.

Ili kuelewa tofauti iliyopo kati ya baladi na baladi ya roki ni lazima kurudi nyuma kidogo. Roki ya Korea ilikuwa imesimama imara mwanzoni mwa miaka ya 1970, hasa kwa mkono wa mpiga gitaa Shin Joong-hyun, kisha mwaka 1975 serikali ya Park Chung-hee ikapiga marufuku nyimbo nyingi, na msako wa bangi ukampeleka Shin gerezani. Kizazi kilichoirudisha roki kwa kishindo kilitokea mwaka 1986, ambao ndio mwaka wa albamu za kwanza za bendi za Sinawe, Boohwal na Baekdoosan. Sinawe iliongozwa na Shin Dae-chul, mtoto wa Shin Joong-hyun, na mwimbaji wake wa kwanza kwenye albamu alikuwa Im Jae-bum. Boohwal, jina lenye maana ya ufufuo, iliongozwa na mpiga gitaa Kim Tae-won, na mwimbaji wake alikuwa kijana wa Seoul aliyezaliwa mwaka 1966, huyu Lee Seung-chul. Wimbo uliomtambulisha, "Heeya", ni wa taratibu na ni wa kumwita mpenzi kwa jina. Nao umo katika albamu ya kwanza ya bendi ya roki. Kwa hiyo baladi haikumngoja Lee nje ya mlango wa roki hadi atoke. Alikuwa nayo ndani tangu siku ya kwanza.

Katika miaka hiyohiyo baladi ya upande wa pili ilikuwa ikijengwa na watu wengine kabisa. Mwimbaji Lee Moon-sae alikuwa akiimba tungo za mtunzi Lee Young-hoon tangu albamu yake ya tatu ya mwaka 1985. Yoo Jae-ha, aliyesomea utunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Hanyang, alitoa albamu moja tu mwaka 1987 na kufariki kwa ajali ya gari mwezi Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 25. Albamu hiyo imewafundisha watunzi wa Korea hadi leo namna ya kupanga sauti za ala. Baada yake wakaja waimbaji Byun Jin-sub na Shin Seung-hun, ambao hakuna anayewaita wanaroki. Wimbo wa aina hii ni wa watu wawili, mtunzi na mwimbaji, na wapiga ala hukodiwa kuja studio kuutimiza.

Hapo ndipo mpaka ulipo, na ndipo wengi wanapopotea kwa kuutafuta katika kelele. Wanadhani baladi ya roki ni roki iliyopunguzwa sauti, au baladi iliyoongezwa gitaa. Jambo la kuuliza ni kwamba wimbo unamtegemea nani. Boohwal imebadilisha waimbaji mara nyingi: baada ya Lee Seung-chul kuondoka alikuja Kim Jae-ki, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1993 kabla wimbo alioacha ameurekodi, "Saranghalsurok", haujatoka na kupendwa nchi nzima, kisha ndugu yake Kim Jae-hee akaushika, na baadaye wakafuata Park Wan-kyu na Jung Dong-ha. Sauti zao hazifanani hata kidogo, lakini msikilizaji akisikia gitaa la Kim Tae-won na jinsi anavyouchelewesha wimbo kabla ya kuupandisha, anajua mara moja kuwa hii ni Boohwal. Baladi ya Lee Moon-sae haiwezi kuhamishwa hivyo bila kugeuka kuwa wimbo mwingine.

Tukirudi kwa Lee Seung-chul, wimbo uliompa jina akiwa peke yake, "Majimak konseoteu", yaani onyesho la mwisho, wa mwaka 1989, ulikuwa tayari umo katika albamu ya pili ya Boohwal ya mwaka 1987 kwa jina la "Hoesang III", na mtunzi wake ni Kim Tae-won. Anayesema Lee aliacha roki akaenda kwenye baladi ana kazi ya kueleza jinsi mtu anavyoacha nyumba huku akiwa ameibeba mgongoni. Mwaka 2002 akarudi Boohwal kwa albamu ya nane, na Kim akampa "Never Ending Story", wimbo unaoanza karibu na kunong'ona na kuishia kwenye kilele ambacho waimbaji wengi wa kawaida hukikimbia.

Kilele hicho ni alama nyingine ya aina hii. Ubeti wa kwanza huimbwa chini, gitaa likichambuliwa uzi mmoja mmoja. Dramu huingia kwenye kiitikio. Gitaa hupewa nafasi yake ya peke yake. Kisha kiitikio cha mwisho mara nyingi hupandishwa daraja zima juu, na mwimbaji hulazimika kutoa sauti iliyokwaruzwa kidogo, ya kifua na koo pamoja. Im Jae-bum ni bingwa wa mkwaruzo huo, kama anavyosikika katika "Neoreul wihae" ya mwaka 2000. Vyumba vya kukodi vya kuimbia karaoke vilipoenea Korea katika miaka ya 1990, kuzifikia noti hizo kukawa mashindano ya vijana wa kiume, na wimbo "She's Gone" wa bendi ya Marekani iitwayo Steelheart ukawa mtihani wao mashuhuri kuliko ulivyowahi kuthaminiwa huko Marekani. Kundi la Buzz, lenye mwimbaji Min Kyung-hoon, lilitoa mwaka 2005 wimbo "Gasi" ambao nao umeziumiza koo nyingi katika vyumba hivyo.

Nakiri kwamba kuta kati ya dunia hizi zina milango. Mwaka 1989 Lee aliimba wimbo ulioitwa "Sonyeosidae". Mwaka 2007 kundi la wasichana la kampuni ya SM lenye jina hilohilo, wanaojulikana duniani kama Girls' Generation, liliurudia kwa mtindo wake. Mwaka 2025 mwimbaji IU aliirudia "Never Ending Story". Naye Lee alikuwa jaji wa shindano la uimbaji la televisheni liitwalo Superstar K tangu msimu wake wa kwanza mwaka 2009, akiwachambua vijana ambao baadhi yao walikuwa na ndoto ya kuingia katika mfumo uleule wa K-pop. Lakini wimbo kurudiwa na kundi la K-pop hakumfanyi mwenye wimbo kuwa wa K-pop, kama ambavyo taarabu ya zamani haigeuki bongo fleva kwa kuimbwa upya na kijana wa Dar es Salaam.

Basi tunapomtaja Lee Seung-chul, inatosha kusema ni mwimbaji wa baladi aliyekulia katika bendi ya roki na kuirudia, na wimbo wake wa mwaka 2002 tuuite baladi ya roki. Jina K-pop tuwaachie waliolelewa na kampuni hizo, hata pale wanapoimba taratibu.