Kutoka Goba Hadi Mbudya: Pembezoni mwa Jiji na Visiwa Vyake Ni Jambo Moja

Lori la mchanga linapomwaga mzigo wake kwenye kiwanja kipya kule Goba, Madale au Mbweni, pembezoni mwa Dar es Salaam, mwenye nyumba huona msingi unakaribia kuinuka, wala hakuna ubaya katika furaha hiyo. Tunachopenda kumweleza ni mahali mchanga ule ulikokuwa ukienda kabla ya kuchotwa. Mito kama Mbezi na Tegeta, ambayo wakati wa kiangazi huonekana kama makorongo tu, ndiyo inayoteremsha mchanga hadi pwani nyakati za masika na vuli, na mchanga huo ndio unaozijaza upya fukwe zinazoliwa na mawimbi. Ukichimbwa mtoni, ufukwe hukosa haki yake. Kunduchi imekuwa ikimegwa na bahari tangu miaka ya 1970, hata baadhi ya majengo ya ufukweni, ikiwamo hoteli, yakaachwa, na uchimbaji wa mchanga mitoni umetajwa kwa muda mrefu kuwa mojawapo ya sababu.

Ndiyo maana sisi wa mipango miji hatuwezi kuzungumzia ufufuaji wa makazi ya pembezoni tukaviacha kando visiwa vilivyo mbele ya fukwe hizo, kama Mbudya na Bongoyo. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 wa Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikawakuta wamefika 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeelekea nje ya jiji la zamani, likifuata barabara nne kuu za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, kisha likajaza ardhi iliyo katikati ya barabara hizo. Mashamba ya mikorosho na minazi yaligawanywa vipandevipande, mauziano yakaandikwa mbele ya mjumbe au serikali ya mtaa, na mara nyingi hakuna aliyekumbuka kuacha nafasi ya barabara, mfereji au shule. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyokwisha kujengwa bila mpango, unajitahidi kurekebisha hali hiyo, lakini kubomoa ukuta ili njia ipite ni kazi ngumu na yenye uchungu kuliko kuiacha njia tangu mwanzo.

Upimaji peke yake nao hautoshi. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulithibitisha kwamba serikali inaweza kuwatangulia wajenzi, lakini kiwanja kilichopimwa bila maji wala usafiri hubaki kichaka kwa miaka. Funzo chungu zaidi lilitoka Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu zaidi ya arobaini jijini, familia zilizokuwa zikiishi katika bonde la Msimbazi zilipewa viwanja huko. Ardhi ilikuwa salama, ila riziki yao ilikuwa imebaki mjini: mama lishe, mbeba mizigo na fundi cherehani walihitaji nauli ambayo kipato chao hakikuweza kuibeba, na wapo waliorudi bondeni. Kwa maoni yangu, mtaa wa pembezoni haufufuki kwa kuwapa watu mahali pa kulala. Hufufuka pale soko, zahanati, karakana na shule vinapokuwa karibu kiasi cha kufikika kwa miguu.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yamewapunguzia wengi adha, na Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka huohuo limeisogeza Kigamboni. Hata hivyo, njia hizo huwapeleka watu wote upande mmoja asubuhi na kuwarudisha wote jioni. Barabara zinazounganisha pembezoni kwa pembezoni, kama ile ya Mbezi Luis kupitia Goba, zina thamani kubwa ambayo hatujaisemea vya kutosha.

Sasa turudi baharini. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na leo vinasimamiwa kama maeneo tengefu chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Havina vijiji, hivyo kuvifufua hakumaanishi kuvijaza watu. Maana yake ni kurudisha uhai wa matumbawe yanayovizunguka, ambayo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika bara na huwapa samaki mazalia. Matumbawe hayo yaliumizwa na uvuvi wa mabomu, kisha joto la bahari la mwaka 1998 likayaunguza mengi. Maadui wake wengine hutoka nchi kavu: tope linaloteremka kutoka viwanja vilivyofyekwa, taka za plastiki, na kinyesi cha nyumba zinazotapisha vyoo, yaani kuvifungulia vimwagike, mvua kubwa inaponyesha. Anayetapisha choo huko juu, kwa kutomudu gharama ya gari la kunyonya majitaka, anapaswa kusaidiwa kupata huduma nafuu kabla ya kuadhibiwa.

Tusidhani kisiwa hakiwezi kupotea. Maziwi, karibu na Pangani, kilikuwa na miti na kasa waliotaga mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilibaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Kwa sababu hiyo sishabikii fikra ya hoteli kubwa Mbudya au Bongoyo. Wageni wa kutwa, wanaovushwa na boti za wenyeji wa Kunduchi na Msasani, wakala samaki waliovuliwa na majirani hao na kurudi na taka zao, huacha fedha nyingi zaidi mikononi mwa watu wa pwani, na mvuvi anayefaidika na kisiwa ndiye atakayekuwa wa kwanza kukilinda.

Kwa anayenunua kiwanja sasa: fika kwanza idara ya mipango miji ya halmashauri yako uoneshwe mchoro wa eneo, kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Ukiambiwa kiwanja kiko kando ya mto au bahari, kumbuka kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na unapoagiza mchanga, uliza umechimbwa wapi, kisha chagua muuzaji mwenye kibali cha machimbo yaliyo nje ya mito.