"Bangi inanifungua kifua"

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa kijana mwenye pumu aliyeingia akihema, koti likinuka msokoto. "Daktari, hii ndiyo inanifungua kifua." Nikaweka stetoskopu mgongoni. Mluzi juu, mluzi chini.

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. THC, kemikali ya bangi inayolevya, kweli hulegeza misuli ya njia za hewa. Jambo hilo limepimwa tangu miaka ya 1970. Mvutaji hupata nafuu ya muda mfupi, akaamini amepata dawa. Sasa dawa gani hiyo inayokuja na lami, monoksidi ya kaboni na amonia, kama moshi wa sigara? Huko ndani, vinyweleo vinavyofagia uchafu hupukutika, seli za ute huongezeka, ukuta wa njia ya hewa huvimba. Ndiyo maana mvutaji wa kila siku huamka na kikohozi cha makohozi, halafu anavuta tena ili azibue alichokiziba mwenyewe jana. Mwenye pumu ana inhela zake. Azitumie, ile ya kuzuia pia, si ya dharura pekee.

"Lakini ni msokoto mmoja tu, si pakiti ya sigara." Msokoto hauna kichungi, na mvutaji hubana moshi kifuani. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1988 ulikuta kwamba msokoto mmoja uliingiza lami takriban mara tatu ya sigara moja. Na kubana kwenyewe ni kazi bure: THC nyingi hufyonzwa ndani ya sekunde chache. Nikishindwa kumwachisha mtu, namwomba angalau asibane.

Kiko cha maji? Maji hupoza moshi, hayaoshi lami yote.

Kuna na wanaotisha watu kwamba kila mvuta bangi atapata saratani ya mapafu. Hapo tafiti bado zinapingana, hasa kwa kuwa wengi huchanganya na tumbaku. Bronkitisi sugu, yaani uvimbe wa muda mrefu wa njia za hewa, ndiyo isiyo na ubishi, na wanaoacha kwa kawaida huona kikohozi na makohozi vikipungua.

Yule kijana nilimpulizia salbutamol, inhela ya dharura, mara nne kupitia spesa, kichupa kinachounganisha inhela na mdomo. Baada ya dakika ishirini akaongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Sentensi yenyewe: "Kwa hiyo naweza kutumia vyote viwili?"