Bili ya programu ikipanda, hesabu watu kabla ya kuhama

Januari 2025 Google iliingiza Gemini, akili bandia yake, ndani ya Workspace, yaani huduma yake ya barua pepe na faili za ofisi, na kupandisha bei. Kwa wanaofunga mkataba wa mwaka, mpango wa Business Standard ulitoka dola 12 hadi 14 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. Wateja wangu wengi ni mawakala wa forodha na wenye malori, ofisi kuu ziko Kampala, matawi kwenye miji ya mpakani ya Malaba na Busia. Bei ikipanda huniuliza swali lile lile: tuhamie wapi kwenye nafuu? Nami huwaomba kwanza wanipe orodha ya akaunti wanazolipia, tuilinganishe na orodha ya mishahara ya mwezi huo.

Chukua ofisi yenye akaunti 20. Nyongeza ya dola 2 kwa kila moja ni dola 40 kwa mwezi. Tukipiga kwa shilingi 3,700 za Uganda kwa dola, ni shilingi 148,000, yaani 1,776,000 kwa mwaka. Inauma. Sasa tuseme akaunti 5 kati ya hizo 20 ni za watu walioacha kazi. Hizo peke yake ni dola 70 kwa mwezi, shilingi 3,108,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya nyongeza inayolalamikiwa. Na katika kazi hii ya mizigo, ambako makarani wa mpakani huhamahama kila siku, sijashangaa bado kukuta akaunti za namna hiyo.

Mara nyingi si uzembe. Karani wa Malaba akiondoka, mwenye kampuni huogopa kuigusa akaunti yake kwa sababu humo mna hati za mizigo, ankara, na mazungumzo na mwenye meli kuhusu kontena ambalo bado halijarudishwa. Wateja nao wanaendelea kuandika kwenye anwani ile ile. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, maana barua pepe moja ikipotea unaweza kulipa faini ya kuchelewesha kontena inayozidi ada ya programu ya mwaka mzima. Kwa hiyo ushauri wa "futa tu" haufai.

Kwa wanaotumia Microsoft 365 njia ipo, na haina gharama. Sanduku la barua la aliyeondoka linageuzwa kuwa sanduku la pamoja, kisha ndipo laiseni, yaani kibali cha matumizi kinacholipiwa kwa kila mtu, inaondolewa. Utaratibu huo usigeuzwe: ukiondoa laiseni kwanza ukaliacha hivyo, barua hutunzwa siku 30 tu. Sanduku la pamoja lisilozidi GB 50 halihitaji laiseni yake. Barua za zamani zinabaki, mpya zinaendelea kuingia, na karani aliyechukua nafasi anazisoma kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe. Akaunti yenyewe usiifute, ila izuie isiingiwe tena, kwani nenosiri la zamani huenda bado limo kwenye simu ya mtu. Faili zake za OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, zihamishwe kabla ya yote. Kwa Google, hamisha kwanza data kwa mtumiaji mwingine, ndipo ufute akaunti na kumpa mrithi anwani ile kama jina la ziada.

Baada ya hapo kuna suala la tarehe, na hapa ndipo pesa nyingi hukwama. Mkataba wa mwaka wa Microsoft unakuruhusu kuongeza laiseni wakati wowote, lakini kupunguza kunawezekana ndani ya siku 7 tu tangu kununua au kuhuisha. Siku hizo zikipita, utalipia laiseni zisizo na mtu hadi mwaka uishe. Mkataba wa mwezi kwa mwezi unakupa uhuru, ila bei yake iko juu kwa asilimia 20. Mimi hupendekeza mchanganyiko: watu wa kudumu wawekwe kwenye mwaka, vibarua wa msimu kwenye mwezi. Tarehe ya kuhuisha iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu, mwezi mmoja kabla, maana barua ya ukumbusho mara nyingi huenda kwa fundi aliyefungua akaunti na ambaye hayupo tena.

Si kila mtu anahitaji mpango ule ule pia. Business Basic ya Microsoft, ambayo ni kama nusu ya bei ya Business Standard ya Microsoft hiyo hiyo, haina programu za kusakinisha kwenye kompyuta, lakini karani anayesoma barua na kutuma picha za hati kwa simu hazihitaji. Mhasibu mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, mwachie mpango kamili. Kumhamishia LibreOffice, programu nyingine za ofisi, ili kuokoa dola chache ni kumtesa bure, ingawa kwa kompyuta ya mapokezi LibreOffice inatosha na ni ya bure.

Kodi nazo zimo. Kampuni iliyosajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ikinunua moja kwa moja kutoka nje, asilimia 18 huihesabu yenyewe kama huduma iliyoagizwa. Ukinunua kwa wakala wa Kampala, dai ankara ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), la sivyo URA inaweza kukataa gharama hiyo kwenye hesabu zako za mapato. Mawakala wengine pia hukubali kulipwa kwa shilingi, na hivyo unaepuka makato ya benki kwa malipo ya kadi ya dola.

Jambo la mwisho ninalowawekea wateja ni mstari mmoja kwenye fomu ya kuacha kazi. Pale panapoandikwa kurudisha funguo, simu na koti la kampuni, paongezwe akaunti: nani anapokea barua zake, faili zimehamia wapi, na laiseni imeondolewa tarehe gani. Afisa utumishi asaini hapo kabla mshahara wa mwisho haujatoka.