Kikao cha Kwanza na Mtoto: Misingi ya Unasihi kwa Watoto na Vijana Balehe

Katika shule nyingi, mwalimu wa malezi na unasihi huletewa watoro, waliopigana na walioshuka alama. Mtoto akifika anaonywa, anaambiwa ajitahidi, anarudishwa darasani. Kuonya kuna mahali pake, ila si unasihi. Katika unasihi, mtu mzima aliyepata mafunzo humsaidia mtoto kusema kinachomsibu, kukielewa na kuchagua hatua anayoiweza. Kazi hiyo hutengenea au huharibikia zaidi katika kikao cha kwanza, na makala haya yanakaa hapo.

Mtu mzima humwendea mnasihi kwa hiari yake. Mtoto mara nyingi huletwa. Jina lake likitajwa mstarini, au akiitwa mbele ya wenzake, anaingia chumbani akijua ana kesi. Aitwe kwa faragha, na sentensi ya kwanza imwondolee shaka hiyo: "Hujakosa kitu. Mwalimu wako ameona umenyamaza sana wiki hizi, nikataka kujua unaendeleaje." Kama mnasihi ndiye pia mwalimu wa nidhamu, hakuna mbinu itakayomsaidia. Mtoto hamfungulii moyo mtu aliyemchapa juzi. Walimu wawe wachache kiasi gani, nafasi hizi mbili zisishikwe na mtu mmoja.

Chumba kiwe mahali ambapo anayepita anaona ndani lakini hasikii: mlango wenye kioo, au dirisha linaloelekea uwanjani. Hilo humlinda mtoto, na humlinda mnasihi dhidi ya tuhuma. Viti viwe vya kimo kimoja na vikae pembepembe, bila meza ya ofisi katikati, na mtoto awe upande wa mlango ili asijione amefungiwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 7, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Kijana balehe anaweza kukaa dakika 45. Weka karatasi, penseli za rangi, udongo wa kufinyanga na wanasesere, kwa kuwa mtoto mdogo hueleza kwa mikono mambo ambayo bado hana maneno yake. Usimtafsirie mchoro. Sema "Nieleze kuhusu picha hii" kisha nyamaza. Nyumba iliyopakwa rangi nyeusi si ushahidi wa huzuni. Pengine ndiyo penseli pekee iliyokuwa imechongwa.

Linalovunja vikao vingi kuliko jingine lolote ni ahadi ya siri. Mnasihi mwenye nia njema husema: "Niambie tu, sitamwambia mtu yeyote." Mtoto anasema kwamba ndugu anayeishi nao anamwingilia usiku. Sasa mnasihi hana njia nzuri: akinyamaza, mtoto anaendelea kuumizwa, akitoa taarifa, mtoto anaona amesalitiwa na huenda asiseme tena kwa yeyote. Tena kunyamaza hakukubaliki kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania, inayomtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mitaa ya eneo hilo.

Kwa hiyo mipaka ya siri itajwe kabla ya swali la kwanza, kwa maneno ya kitoto: "Tutakayozungumza yanabaki hapa, isipokuwa mambo matatu. Kama kuna mtu anakuumiza, kama unataka kujiumiza, au kama unataka kumuumiza mwingine, nitahitaji mtu wa kutusaidia. Hata hapo, nitakuambia wewe kwanza nitamweleza nani." Kisha mwombe akurudishie hayo kwa maneno yake, akikosea, rudia. Mzazi naye aelezwe mapema kwamba atajulishwa maendeleo na hatari, si kila neno. Mzazi asiyeelezwa hili humhoji mtoto njiani kurudi nyumbani, na kikao cha pili huwa kimya tupu.

Sasa maswali. "Kwa nini" sikioni mwa mtoto ni shutuma, hata ikisemwa kwa upole. Badala ya "Kwa nini huji shule?" uliza "Jumatatu asubuhi ilikuwaje, tangu ulipoamka?" Hatari zaidi ni swali lenye jibu ndani yake: "Ni mjomba aliyekushika, sivyo?" Mtoto mdogo aliyefundishwa asibishane na mkubwa atasema ndiyo, na baadaye maelezo hayo yatatiliwa shaka mahakamani. Tumia "Nieleze kilichotokea", "Halafu?", "Umesema mlikuwa jikoni, endelea." Ukishajua kwamba mtoto yuko hatarini, acha kuchimba. Undani uachiwe ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, kwani kila anaporudia kusimulia anaumia upya, na tofauti ndogondogo za maelezo huanza kujitokeza.

Ukimya usikutishe. Subiri sekunde 10 hivi kabla ya kusema tena. Wanasihi wengi huujaza ukimya kwa nasaha, na mtoto akaona zamu yake imekwisha. Usisome pia macho yaliyoinama kama dalili ya uongo au ya sonona, maana mtoto wa kwetu hulelewa asimkazie mkubwa macho. Maneno kama "usijali, yatapita" au "wenzako wana shida kubwa zaidi" humfunga mdomo. Mrudishie alichosema: "Tangu baba aondoke, usiku ndio unakuwa mgumu."

Dalili hubadilika na umri. Aliye mdogo hurudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, au hulalamikia tumbo ambalo hospitali hawalioni tatizo. Kijana balehe, hasa wa kiume, huzuni yake inaweza kujitokeza kama hasira, utoro au pombe, ndiyo maana huishia kwa mwalimu wa nidhamu badala ya kwa mnasihi.

Kijana akidokeza kwamba amechoka kuishi, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo; humwonyesha kwamba jambo hili linasemeka. Endelea: Umefikiria utafanyaje? Kitu chenyewe unacho? Umewahi kujaribu? Mwenye mpango na kifaa asiachwe peke yake hata dakika moja. Afikishwe kituo cha afya na mtu mzima, na nyumbani sumu ya wadudu, dawa na kamba viondolewe siku hiyohiyo. Kumwapisha kwamba hatajiua hakusaidii kitu.

Kwa mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, saa ndizo zinazoamua. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo zake zihifadhiwe katika bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Fomu ya PF3, inayotolewa na polisi ili aliyeumizwa apimwe hospitalini, ina umuhimu wake katika kesi, lakini matibabu yasiisubiri. Kamwe asikutanishwe na mtuhumiwa "ili wayamalize kifamilia". Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Kumbukumbu ziandikwe siku hiyohiyo: maneno ya mtoto yakiwa yaleyale aliyoyasema, na maoni yako yakiwa mbali nayo. Jalada libebe namba badala ya jina, na likae kabatini chini ya kufuli, si kwenye rundo la madaftari ya kusahihishwa. Ukimpeleka mtoto rufaa, mtajie nani atampokea, mweleze atafanyiwa nini, na ikiwezekana mfikishe mwenyewe. Vikao navyo viwe na idadi mliyokubaliana tangu mwanzo, kwa mfano vinne au sita, na mwisho utajwe angalau kikao kimoja kabla. Mtoto aliyekwisha kufiwa au kuachwa akikuta mlango umefungwa bila kuambiwa, atadhani amefanya kosa.